Meno ya kuzidi: mataya ya watu wa zamani yanasema nini?

Mutoto akiota jino pahali penye halikungojewa, maneno yanaanza mbio katika familia. Wengine wanasema ni alama mbaya. Wengine wanasema ni ugonjwa mupya wenye kuletwa na chakula cha siku hizi. Wengine tena wanatafuta mutu wa kulitoa haraka, na kisu ao koleo, pale pale nyumbani.

Lakini jino la kuzidi haliko jambo la siku hizi. Limeonekana ndani ya mataya ya watu wenye walizikwa mamia na hata maelfu ya miaka iliyopita, katika Afrika, Ulaya, Azia na Amerika. Swali lenye watafiti wa mambo ya kale wanajiuliza ni hili: lilikuwa linatokea mara ngapi? Kati ya watu mia moja wa zamani, wangapi walikuwa nalo?

Jibu fupi: wachache sana, sawa leo. Jibu refu linaomba uvumilivu, sababu kuhesabu meno ya watu wenye walikufa zamani si kazi nyepesi hata kidogo.

Hesabu ya kawaida

Mutoto anaota meno 20 ya maziwa. Kiisha yanaanguka pole pole, na mutu mukubwa anabaki na meno 32: manane ya mbele yenye kukata, machonge manne, na 20 ya pembeni na ya nyuma yenye kusaga, pamoja na magego ya mwisho yenye wengi wanaita meno ya akili. Jino lolote lenye kupita hesabu hiyo linaitwa jino la kuzidi.

Hesabu ya 32 haiko ya binadamu peke yake. Gorila wa Virunga na Kahuzi-Biega wako nayo, sokwe pia, na nyani vilevile. Lakini ukienda nyuma zaidi, mababu wa wanyama wengi wa leo wenye kunyonyesha walikuwa na meno 44, na nguruwe wa nyumbani anachunga hesabu hiyo mpaka leo. Ndiyo maana zamani wataalamu wengine walifikiri kama jino la kuzidi ni kurudia hali ya mababu wa mbali. Leo wazo hilo halina nguvu tena. Jino la kuzidi mara mingi haliko na umbo la jino lenye lilipotea kwa mababu, wala halitokee pahali pake.

Leo ni watu wangapi?

Vitabu vya wanganga wa meno vinasema kama, kwa meno ya ukubwa, jino la kuzidi linapatikana kwa watu kati ya 0,1 na 3,8 kwa mia, kufuatana na inchi na namna ya kuhesabu. Kwa meno ya maziwa ni chini zaidi, hata mumoja kwa mia hafiki. Kwa meno ya ukubwa, wanaume wanalipata karibu mara mbili kuliko wanawake.

Pahali linapenda zaidi ni taya la juu, katikati ya meno mawili ya mbele. Pale linakuwa kadogo, lenye ncha, sawa kigingi. Pahali pa pili ni nyuma kabisa, kisha jino la akili: hilo linaitwa gego la nne. Linaweza pia kutokea pembeni, karibu na magego madogo, na hilo linachelewa sana kujijenga. Mutoto anaweza kupimwa na asikutwe na kitu, kiisha miaka kadhaa nyuma jino likaonekana.

Hesabu haziko sawa kwa watu wote. Utafiti wenye ulifanywa Marekani ulionyesha kama Wamarekani wenye asili ya Afrika wanapata meno ya kuzidi, zaidi sana magego ya nne, mara mingi kuliko Wamarekani weupe. Kwa gorila na orangutani pia, jino la kuzidi linapenda kutokea kule nyuma, kwenye magego. Kwa hiyo, mutu mwenye anatafuta hesabu moja ya "watu wa zamani" wote hataipata. Kila watu wako na yao.

Namna gani watafiti wanahesabu

Jino ni kitu chenye kudumu kuliko sehemu zote za mwili. Ngozi yake ya inje, ile nyeupe yenye kungaa, karibu yote ni madini. Katika udongo wenye asidi, sawa ule wa pori zenye mvua mingi, mifupa inaweza kuyeyuka yote na meno yakabaki. Ndiyo sababu wataalamu wa mifupa wanapenda meno: yanasema umri wa mutu, chakula chake, na njaa ao homa zenye zilimupiga wakati alikuwa mutoto.

Kwa kutafuta jino la kuzidi, mutafiti anatwaa kila taya, anahesabu meno na matundu yenye meno yalikuwa ndani, anaandika pahali pa kila moja. Kiisha anagawanya: watu wenye kuwa na jino la kuzidi, juu ya watu wote wenye mataya yao yaliweza kuangaliwa. Inaonekana ni hesabu ya darasa la tatu. Lakini kuna mitego mine.

Mutego wa kwanza: jino lenye kujificha

Meno mengi ya kuzidi hayatoke inje. Kwa yale ya katikati ya meno ya mbele, karibu robo tu ndiyo yanatoboa ufizi. Mengine yanabaki ndani ya mufupa, mutu anazeeka na anakufa bila kujua kama alikuwa nayo.

Chukua mufano. Kama watu wawili kwa mia wako na jino la kuzidi, kati ya watu 400 watakuwa wanane. Kama robo tu ya meno hayo inatoka inje, jicho litaona wawili. Mutafiti mwenye kuangalia na macho tu ataandika nusu ya mutu kwa mia, wakati ukweli ni wawili kwa mia. Radiografi ndiyo inaonyesha wale sita wenye kubaki.

Wilhelm Röntgen alivumbua miale hiyo katika mwaka wa 1895. Mifupa mingi ya makaburi ya kale ilihesabiwa na macho tu, mbele mashini ya kupiga picha izoeleke katika kazi hiyo. Kwa hiyo, wakati hesabu za leo zinaonekana kubwa kuliko hesabu za makaburi, tofauti hiyo peke yake haionyeshi kama watu wamebadilika. Inaweza kuwa mashini ndiyo imebadilika.

Mutego wa pili: jino lenye kupotea

Meno ya mbele yako na muzizi mumoja tu. Mutu akiisha kuoza, yanatoka katika taya na kupotea katika udongo. Jino la kuzidi la katikati, lenye muzizi mufupi, linapotea mbele ya mengine. Linabaki tundu dogo, na tundu hilo linaweza kuvunjika pia.

Zaidi ya hapo, kuna watu wenye walikuwa wanatoa meno kwa desturi wakati wako wazima. Kule Taforalt, katika inchi ya Maroko, pango moja lilikuwa na makaburi ya watu wa zaidi ya miaka 13 000 iliyopita. Karibu wakubwa wote walikuwa wametolewa meno ya mbele ya juu. Sasa nani atasema kama kulikuwa jino la kuzidi pale katikati? Karibu na Kongo pia, kwa makabila mengi ya Sudani ya Kusini na Uganda ya kaskazini, kutoa meno ya mbele ya chini ilikuwa desturi ya kuingiza kijana katika ukubwa. Desturi inafuta alama zenye mutafiti anatafuta.

Kuna pia jambo la kinyume: kuhesabu jino lenye halizidi. Jino la maziwa lenye lilikataa kuanguka linaweza kusimama karibu na lile la ukubwa, na mutu mwenye haraka ataliita la kuzidi. Inaomba kuangalia umbo na ukubwa wake.

Mutego wa tatu: watu wachache

Hapa mufano uko karibu na nyumbani. Kule Ishango, Kivu ya Kaskazini, pahali muto Semuliki unatoka katika ziwa Edouard, Mubelgiji Jean de Heinzelin alichimbua katika mwaka wa 1950. Dunia yote inajua ule mufupa wenye mistari, wenye unachungwa Bruxelles na wenye wengi wanafikiri ulitumika kwa kuhesabu. Wachache wanajua kama pale pale kulipatikana pia vipande vya mifupa ya watu, na mataya ndani. Watu hao waliishi zaidi ya miaka 20 000 iliyopita. Ni hazina kubwa, lakini ni watu wachache. Kwa watu wachache namna hiyo, maneno ya "ngapi kwa mia" hayana maana.

Hata makaburi yakiwa mengi, shida haiishe. Kule Sanga, kando ya ziwa Kisale katika bonde la Upemba, wachimbuaji walifungua makaburi zaidi ya 100, kwanza katika miaka ya 1957 na 1958, kiisha tena katika mwaka wa 1974. Ni moja ya makaburi makubwa ya kale yenye kujulikana katika Afrika ya kati. Lakini makaburi 100 haimaanishe mataya 100 yenye kukamilika. Mengine yamevunjika, mengine ni ya watoto wadogo, mengine yameliwa na udongo.

Tuseme mutafiti anabaki na mataya 30 mazuri. Kama ukweli ni watu wawili kwa mia, kuna bahati ya zaidi ya nusu kama hatakuta hata jino moja la kuzidi. Ataandika: sufuri. Na akikuta moja, ataandika zaidi ya tatu kwa mia. Sufuri ni uongo, tatu pia ni uongo, na yeye hakudanganya mutu. Makaburi tu yalikuwa madogo.

Mutego wa ine: ukoo mumoja

Jino la kuzidi linapita katika familia. Si kila mara, lakini mara mingi mutoto mwenye kuwa nalo iko na muzazi ao ndugu mwenye alikuwa nalo. Sasa makaburi ya zamani ni ya nani? Mara mingi ni ya kijiji kimoja, watu wa damu moja wenye kulala pamoja.

Kuna hali moja ya mwili yenye kuonyesha jambo hilo vizuri. Mutu mwenye kuwa nayo anazaliwa na mifupa ya mabega yenye haikukomaa, ile yenye kuunganisha bega na kifua, ao anaikosa kabisa. Anaweza kukutanisha mabega yake mbele ya kifua. Meno yake ya maziwa hayaanguke kwa wakati, na ndani ya mataya kunajaa meno ya kuzidi, wakati mwingine zaidi ya kumi. Duniani, hali hiyo inapatikana karibu kwa mutu mumoja kwa milioni moja.

Lakini katika mwaka wa 1951, munganga mumoja wa Cape Town, Afrika ya Kusini, alitangaza habari ya ukoo mumoja mukubwa wa kule. Babu wao alikuwa Muchina mwenye alihamia pale na kuoa wanawake saba. Kati ya wazao 356 wenye walifuatiliwa, 70 walikuwa na hali hiyo: karibu mumoja kwa watano. Sasa fikiri makaburi ya ukoo huo yanachimbuliwa kisha miaka elfu moja. Mutafiti mwenye hajui historia yao atafikiri kama watu wa Cape Town wote walikuwa vile.

Kwa hiyo nini inajulikana?

Ukiweka mitego hiyo yote pembeni, picha moja inabaki. Pahali pote penye watafiti wamechimbua watu wengi na kuangalia vizuri, jino la kuzidi linakuwa la watu wachache tu. Wengi wao wako na moja peke yake. Mara nyingi liko juu kuliko chini.

Hakuna wakati wenye unajulikana wenye watu walikuwa nayo wengi, wala wakati wenye hayakukuwa. Sukari, mafuta ya dukani na chanjo havikuleta jino la kuzidi: lilikuwa pale mbele ya vitu hivyo vyote.

Linatoka wapi?

Mutoto akiwa bado katika tumbo la mama, ndani ya mataya yake kunajijenga utepe mwembamba wa nyama. Kutoka utepe huo, vichipukizi vya meno vinaota kimoja kimoja, sawa mbegu katika mustari wa shamba. Kiisha utepe unapaswa kusimamisha kazi na kuyeyuka. Wazo lenye wataalamu wengi wanakubali leo ni kama, kwa watu wengine, utepe huo unaendelea na kazi kupita kiasi, na unatoa mbegu moja ya ziada.

Jeni, yaani maagizo ya mwili yenye mutoto anariti kwa wazazi wake, ndizo zenye kuongoza kazi hiyo. Ile hali ya mabega inatoka kwa kasoro ya jeni moja yenye kuitwa RUNX2. Na katika inchi ya Japani, watafiti wa Kyoto walikuta kama panya wenye kukosa jeni yenye kuitwa USAG-1 wanaota meno ya kuzidi. Jeni hiyo iko sawa breki. Ukiitoa, meno yanaendelea.

Kutoka hapo, walitengeneza dawa ya kufunga kazi ya breki hiyo, na katika mwaka wa 2024 walianza kuijaribu kwa watu wenye walikosa meno. Kosa la mwili lenye wengi waliogopa limekuwa mulango wa kutafuta dawa.

Woga wa zamani, hatari ya leo

Meno yenye kutokea kwa namna isiyo ya kawaida yaliogopesha watu pahali pengi. Kiswahili cha pwani kiko na neno kigego: mutoto mwenye kuota meno ya juu mbele ya yale ya chini, mwenye watu walifikiri analeta mukosi. David Livingstone, wakati alifika kwa mfalme Kazembe, karibu na ziwa Mweru, katika mwaka wa 1867, aliandika kama mutoto wa namna hiyo alikuwa anauawa. Mutoto hakukuwa na kosa. Meno yake yalifuata tu mustari mwingine.

Leo hatari moja inabaki, na inaua mpaka sasa. Katika inchi nyingi za eneo hili, Kongo pia ndani, mutoto muchanga akiwa na homa ao kuhara, watu wengine wanaangalia ufizi wake, wanaona uvimbe mweupe, na wanasema ni "meno mabaya" yenye kuleta ugonjwa. Tanzania wanayaita meno ya plastiki ao ya nailoni, Uganda ya mangaribi ebiino, Rwanda ibyinyo. Kiisha wanakata ufizi na kitu chenye ncha, mara mingi chenye hakikuchemshwa, na kutoa "mududu".

Kile si mududu, na si jino la kuzidi. Ni kichipukizi cha chonge la maziwa, lenye kila mutoto anazaliwa nalo na lenye lingetoka lenyewe karibu na miezi 16 mpaka 22. Kulikata kunaleta kutoka damu, maambukizo, pepopunda na hata kifo. Mutoto akipona, anaweza kubaki na pengo maisha yake yote, sababu mbegu ya jino la ukubwa iko chini pale pale na inaharibika pia. Na kuhara kwenye kulileta yote haya kunabaki bila dawa.

Wazazi wafanye nini?

Mutoto wa miaka sita ao saba anaweza kuonekana na mistari miwili ya meno chini. Mara mingi si meno ya kuzidi. Jino la ukubwa limetoka nyuma na la maziwa halijaanguka bado. Kwa kawaida la maziwa linaanguka lenyewe. Likikataa kwa miezi kadhaa, munganga wa meno anaweza kulitoa.

Mutoto mwenye kuzaliwa na jino pia hana mukosi. Mara nyingi ni jino la maziwa la kawaida lenye liliharakisha. Kama linatikisika sana ao linaumiza ulimi wa mutoto ao ziwa la mama, ni kazi ya munganga.

Na kama ni jino la kuzidi kweli? Linaweza kukaa bila shida. Linaweza pia kuzuia meno mengine kutoka, ao kuyasukuma pembeni. Alama moja yenye kufaa kuangaliwa: jino moja la mbele la juu limetoka, na lile la ngambo halionekane hata mwaka mzima ukapita. Pale kunaweza kuwa jino la kuzidi lenye limefunga njia. Radiografi ndiyo itaonyesha, sababu muzizi wake unaweza kugusa jino zuri, na kulitoa bila kuona ni kuvunja vyote viwili. Watoto wenye walizaliwa na mudomo wa kupasuka, na wale wenye kuwa na meno mengi ya kuzidi, wanafaa kupimwa mapema.

Homa na kuhara kwa mutoto muchanga ni mambo ya kituo cha afya, siku ile ile, na maji ya chumvi na sukari yenye kupimwa vizuri akiwa njiani. Ufizi wake uachwe. Kitu chenye kuwa ndani yake ni jino lake mwenyewe, linangojea saa yake.